Kiku-Masamune ya Kobe: jumba la zana, karakana ya mapipa na sake yenyewe

Ukiwa na nusu siku Kobe na unataka kuona kiwanda kimoja tu cha sake, pombe ya mchele ya Kijapani, nenda Kiku-Masamune. Eneo la Nada, pwani ya Kobe hadi Nishinomiya, limejaa viwanda. Vingine vina majumba makubwa zaidi ya maonyesho, vingine vinapika sake yenye manukato kuliko hii. Lakini hapa kuna mambo mawili ambayo kampuni kubwa nyingi ziliyaacha kwa kuwa yanakula muda na fedha: mbegu ya sake, yaani kianzio chenye chachu, inayoandaliwa kwa njia ya kale iitwayo kimoto, na mapipa ya mwerezi yanayoundwa kwa mkono. Yote mawili utaelezwa yanavyofanyika, kisha utayakuta kwenye kikombe. Mengine yaliyopo, zikiwemo daiginjo (sake za mchele uliokobolewa sana) za bei kubwa rafuni, utayapata kwingine, na pengine yaliyo bora zaidi.

Kufika ni rahisi. Kutoka Osaka-Umeda au Kobe-Sannomiya panda treni ya haraka ya Hanshin, shuka Uozaki, badili uingie Rokko Liner kwa kituo kimoja hadi Minami-Uozaki. Jumba la kumbukumbu, linaloitwa Kinenkan, liko dakika chache kwa miguu kutoka hapo. Kiingilio ni bure. Milango hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, ila hufungwa sikukuu za mwaka mpya. Karakana ya mapipa iko jirani na ina utaratibu wake, kwa hiyo weka nafasi kabla ya kwenda, maana ukijitokeza tu mlangoni huenda ukaishia kuangalia jengo kwa nje. Kaunta ya kuonja hufuata sheria ya Japani: chini ya miaka 20 hupewi, na aliyekuja kwa gari au baiskeli naye hapewi. Asiyekunywa kabisa bado ana cha kuona, kwa kuwa sehemu kubwa ya ziara inahusu mbao, maji na mchele.

Familia ya Kano ilianza kupika sake hapa Mikage mwaka 1659. Nada wakati huo ilikuwa pwani nyembamba kati ya mlima Rokko na bahari, na wembamba huo ndio uliowatajirisha. Vijito vinavyoshuka mlimani vina mteremko mkali, wakavitegea magurudumu ya maji ya kukoboa mchele. Waliokoboa kwa kukanyaga mchi kwa mguu hawakuweza kuufikisha mchele mbali hivyo, na mchele uliokobolewa zaidi hutoa sake safi zaidi. Wakati wa baridi upepo wa Rokko huvuma mkavu na kupoza maghala yaliyojengwa yakiukabili mlima. Upande wa pili kuna bahari: mapipa yalipakiwa kwenye meli maalumu za mapipa na kupelekwa Edo, ambayo leo ni Tokyo. Jiji hilo lilikunywa sehemu kubwa ya sake yake kutoka upande huu wa nchi.

Watu wa judo watatambua jina la Kano. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alizaliwa papa hapa Mikage mwaka 1860 katika ukoo huohuo wa wapika sake. Kiku-Masamune ni tawi kuu la ukoo, na Hakutsuru, kiwanda cha jirani, ni tawi lingine. Matawi hayo mawili yakishirikiana na familia ya Yamamura ya kiwanda cha Sakuramasamune yalianzisha Shule ya Nada mwaka 1927, ambayo hadi leo ni kati ya shule zenye sifa kubwa ya masomo Japani. Fedha ya sake ilijenga mengi katika mji huu, na hilo jumba linalieleza kwa ufupi mno.

Sasa maji, maana bila maji Nada ingekuwa pwani tu. Yamamura Tazaemon, wa familia hiyohiyo ya Sakuramasamune, alikuwa na viwanda viwili, kimoja Uozaki na kingine Nishinomiya, na kila mwaka sake ya Nishinomiya ilishinda ya Uozaki. Alibadilisha mchele, akahamisha wapishi wakuu, tofauti ikabaki palepale. Mwishowe akasomba maji ya kisima cha Nishinomiya hadi Uozaki, na sake ya Uozaki ikawa sawa na ile nyingine. Ilikuwa 1840. Maji hayo yanaitwa miyamizu. Yanatoka kwenye visima vifupi, vya mita chache tu, katika eneo dogo la mji wa Nishinomiya, mahali ambapo mikondo ya chini ya ardhi inakutana. Maji yanayopita kwenye matabaka ya kale ya bahari hubeba fosforasi, potasiamu na kalsiamu, ambazo ni chakula cha kuvu na chachu. Mkondo mwingine una oksijeni nyingi. Ukichanganyika na ule wa kwanza, chuma kilichomo huganda na kunaswa na mchanga kabla hakijafika kisimani.

Hilo la chuma ndilo linalofanya maji haya yalindwe kama mali. Maji ya kunywa Japani yanaruhusiwa kuwa na chuma hadi miligramu 0.3 kwa lita, ila ya kupikia sake yasizidi 0.02. Chuma kikizidi hushikana na kitu kinachotolewa na koji, mchele uliopandwa kuvu, na sake hugeuka rangi ya kahawia nyekundu, kisha harufu huchakaa upesi. Hakuna namna ya kuirudisha. Ndiyo maana tangu 1924 wapika sake wa Nada wana kamati ya kulinda miyamizu, na anayetaka kuchimba msingi wa jengo refu Nishinomiya huzungumza nao kwanza.

Mchele nao unatoka jirani, upande wa pili wa mlima Rokko. Ni wa aina iitwayo Yamada Nishiki, ambayo ilichanganywa mbegu mwaka 1923 katika kituo cha utafiti cha mkoa wa Hyogo na kupewa jina mwaka 1936. Punje yake ni kubwa, na katikati ina kiini cheupe chenye vinyweleo ambavyo mizizi ya kuvu hupenya. Kiku-Masamune wana mkataba wa miaka mingi na wakulima wa Yokawa, mji wa Miki, ulio katika eneo lililowekwa daraja la juu kabisa kwa mchele huu. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa. Ni mchele wa shida kuulima: bua lake ni refu, na kimbunga cha Septemba kikilikuta na suke zito hulilaza chini. Mfumo huo wa kijiji kimoja kuuzia kiwanda kimoja mwaka hadi mwaka ulizaliwa huku huku Nada enzi ya Meiji (1868–1912). Unamlinda mkulima bei isimwangushe, na mpishi naye anajua mchele wake umetoka shamba gani.

Wapishi wenyewe zamani hawakuwa watu wa Nada. Walikuwa wakulima wa Tanba, nyanda za milimani kaskazini, ambako theluji ilisimamisha kilimo. Wakishavuna walishuka pwani kwa kibarua kilichojulikana kama cha siku 100, wakiongozwa na toji, mpishi mkuu, aliyekuja na kikosi chake chote kutoka kijijini kwao. Jumba lina vyombo vyao vya kulia na mahali pao pa kupumzikia, na ni heri kusimama hapo kidogo kabla ya kukimbilia vyombo vya kupikia.

Zana zilizopo ni urithi wa taifa uliosajiliwa, na zimepangwa kwa kufuata hatua za kazi: kuosha, kupika kwa mvuke, koji, mbegu, kuumua, kukamua. Majengo ya mwanzo yaliporomoka katika tetemeko la tarehe 17 Januari 1995. Zana zilifukuliwa kwenye vifusi, zikasafishwa, na jumba jipya likafunguliwa 1999. Mapipa makubwa ya kuumulia yanayomzidi mtu kimo ndiyo yanayopigwa picha zaidi. Lakini chombo cha kutazamwa kwa makini ni kidogo: beseni pana la mbao lenye kina kifupi, hangiri, na karibu yake miti mirefu yenye kichwa bapa, kai. Kimoto yote imo humo.

Kwanza ieleweke kazi ya koji. Anayejua mbege au busaa anajua kimea: ulezi ukichipua hutoa vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hula sukari hiyo. Mchele wa sake umekobolewa, hauwezi kuchipua. Kazi ya kimea inafanywa na kuvu, Aspergillus oryzae, inayopandwa juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke na kulelewa takriban saa 48 katika chumba cha joto, hadi punje ivuke nyuzi 40 mwishoni. Punje zinatoka kavu, nyeupe, zinanukia kama njugu. Mchele ukiloweshwa kupita kiasi kabla ya mvuke, kuvu hutambaa juu ya punje bila kupenya ndani. Koji ya hivyo huonekana imechanua vizuri, kumbe haina nguvu. Kwa hiyo kuloweka hupimwa kwa dakika, kwa mchele uliokobolewa sana hata kwa sekunde, na lengo huwa mchele uongezeke uzito kwa karibu asilimia 30.

Mbegu ndiyo hatua ya pili, na hapo ndipo viwanda vinapoachana njia. Kabla ya kuumua tangi zima unahitaji kiasi kidogo chenye chachu tele na asidi ya kutosha kuua vijidudu vingine. Tangu 1910 hivi njia ya mkato imekuwa kutia asidi ya laktiki iliyo tayari. Mbegu inaiva kwa wiki mbili, na sake nyingi sana za Japani hupikwa hivyo. Kimoto haitii asidi. Inasubiri bakteria waitengeneze wenyewe, na inachukua kama wiki nne.

Mchele wa mvuke uliopoa, koji na maji hugawanywa katika hangiri kadhaa, joto likiwa chini ya nyuzi 10. Mchele unapovimba na kumaliza maji, watu wawili watatu kwa kila beseni huusaga kwa kai, wakirudia kwa mizunguko kadhaa, usiku hadi alfajiri. Zamani walihesabu muda kwa kuimba. Wimbo una beti zake, na ukiisha kazi ya mzunguko huo imeisha. Uji unaopatikana hukusanywa tangi moja na kuachwa kwenye baridi. Bakteria wa majini hubadili nitrati kuwa nitriti, nayo huzuia chachu za porini. Kisha bakteria wa asidi ya laktiki huingia kwa zamu, aina moja ikidhoofika nyingine ikishika, mpaka uchachu unapanda na nitriti inatoweka. Hapo tu ndipo chachu ya sake inawekwa, au inapochipuka.

Kuongeza joto hufanywa kwa dakidaru, pipa dogo lenye mpini linalojazwa maji ya moto, kufungwa na kuzamishwa ndani ya mbegu. Huzungushwa taratibu, hutolewa, joto hushuka tena usiku, kesho linapandishwa kidogo zaidi. Mpishi akiwa na haraka akapandisha mapema, chachu za porini huamka kabla asidi haijatosha na mbegu huanza kutoa povu siku zisizo zake. Wapishi huita balaa hilo hayawaki. Mbegu ya namna hiyo ina kilevi na haina ulinzi, na mara nyingi humwagwa. Maji yasiyo na nitrati ya kutosha huleta hasara ileile kwa njia nyingine.

Mwaka 1909 watafiti wa serikali walionyesha kwamba kusaga kwa kai si lazima, koji yenyewe itayeyusha mchele ukiongeza joto na maji mwanzoni. Njia hiyo ni yamahai. Kwa nini basi Kiku-Masamune hawaisamehe mikono? Jibu linaonekana kwenye kikombe. Mbegu ya kimoto hutoa chachu ngumu inayostahimili kilevi hadi mwisho wa kuumua, sukari ikaliwa karibu yote, na sake ikatoka kavu, yenye uchachu wa katikati na ladha nzito ya mchuzi nyuma ya ulimi. Sake isiyo na utamu ndiyo msimamo wa nyumba hii, hata miaka ambayo soko zima lilikimbilia sake tamu na baadaye zenye harufu ya matunda.

Baada ya mbegu mambo ni ya kawaida, na hapa maelezo ya jumba yanatosha. Mchele, koji na maji huongezwa mara tatu ndani ya siku nne, siku ya pili ikiwa ya mapumziko ili chachu izaliane. Ukimwaga vyote kwa mpigo, asidi na chachu huzimuliwa na vijidudu hupata nafasi. Sukari na kilevi hutengenezwa wakati mmoja ndani ya tangi moja, kwa hiyo sake inaweza kufika karibu asilimia 20 ya kilevi bila kukenekwa. Hukamuliwa, huachana na machicha, hupashwa moto kwa nyuzi 65 hivi na kuzimuliwa kwa maji hadi asilimia 15 au 16. Kupasha huko kuliandikwa katika shajara za hekalu la Nara miaka ya 1560, karne tatu kabla ya Pasteur, mwanasayansi Mfaransa anayesifiwa kwa njia hiyo. Ustadi huu wote wa koji uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2024.

Karakana ya mapipa ilifunguliwa 2017. Sababu yake ni ya kibiashara tupu: mafundi mapipa walikuwa wanazeeka na kupungua, na kampuni inayouza sake ya pipa haiwezi kubaki bila pipa. Wakachukua kazi hiyo chini ya paa lao. Mbao ni za sugi, mwerezi wa Kijapani, kutoka Yoshino mkoa wa Nara, ambako miti hupandwa kwa kubanana ili ikue polepole, minyoofu, yenye pete nyembamba. Ubao unaotafutwa zaidi unachanwa pale mbao nyeupe ya nje ya gogo inapokutana na nyekundu ya ndani. Pipa likiundwa, weupe hukaa nje na wekundu ndani, ukigusana na sake. Wekundu una mafuta yenye harufu. Pipa lote likiwa jekundu, harufu hukaba. Likiwa jeupe tupu, halinukii kitu.

Fundi huweka mbao wima ndani ya pete ya mwanzo, moja baada ya moja, kila moja ikiwa imepigwa randa ubavuni kwa mshazari wa kulingana na mduara. Hakuna msumari, hakuna gundi. Anaposhika ubao wa mwisho usioingia, haupunguzi huo. Anarudi kutafuta jirani wenye upana mwingine mpaka mduara ubane. Kisha mianzi iliyopasuliwa husukwa kuwa pete, ikagongwa kushuka kwa nyundo na kipande cha mti, ikikaza kila inapofika sehemu nene. Sikiliza mgongo wa pipa unapogongwa: sauti inapanda kadiri linavyobana. Kinachovujisha mapipa mara nyingi ni ubavu uliorandwa kwa mshazari usio sawa. Kwa nje mbao zinagusana, ndani pamebaki mwanya mwembamba, na maji yakiingia hayatoki hadi yapate njia. Pipa la kawaida la kusafirishia hubeba lita 72. Majani ya mpunga yanayofungwa nje siku hizi ni pambo la sherehe, ila yalianza kama kinga ya mapipa yasigongane melini.

Safari hiyo ya Edo ndiyo iliyozaa taruzake, sake ya pipa. Sake ilikaa ndani ya mwerezi siku kadhaa baharini, ikafika inanukia mbao, na watu wa Edo wakaizoea hivyo. Kiku-Masamune walianza kuiuza kwenye chupa mwaka 1966. Sake hutiwa katika mapipa ya Yoshino, huonjwa, na hutolewa harufu inapofika kiwango chao. Ikipitiliza hugeuka ya njano, uchungu wa mbao hukaa kooni na ladha ya mchele hupotea. Pipa jipya hutoa harufu haraka na siku za joto huharakisha zaidi, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi, lazima ulimi wa mtu uwepo.

Taruzake ndiyo chupa ya kununua hapa. Inanukia mwerezi mbichi bila kufunika sake, ni kavu, haina mapambo, na chupa ndogo ya mililita 300 haifiki yeni 1,000. Inywe kwenye joto la chumba au ubaridi wa wastani. Ukiigandisha kwenye friji harufu inalala na kinachobaki ni ukali. Usiimimine kwenye kisanduku cha mbao kama kwenye picha za harusi, kwani mbao juu ya mbao ni kelele. Glasi inatosha. Inakata mafuta vizuri sana: eneo hili huila na mkunga wa kuchoma, na pweza wa Akashi anayevuliwa magharibi ya hapa. Samaki wa kukaanga yeyote atakubaliana nayo.

Ya pili ni kimoto ya daraja la honjozo (iliyoongezwa kilevi kidogo) au junmai (ya mchele mtupu), na hiyo ipashe moto. Nyuzi 45 ndizo zinazoipendeza zaidi. Hapo uchachu hulainika na ule uzito wa mchuzi hufunguka. Chemsha maji, zima jiko, yaache yatulie dakika moja, tumbukiza chupa ya udongo iliyojaa sake hadi shingoni kwa dakika mbili au tatu. Ukishika tako la chupa likakuunguza kidogo, iko tayari. Kuzamisha ukiwa jiko linawaka hufukuza kilevi na kuacha harufu kali puani, na maikrowevu huchemsha shingo huku chini kukibaki baridi. Ukilazimika kuitumia, koroga nusu ya safari.

Daiginjo zao ni safi na hazina kosa. Lakini harufu ya tunda na maua ni kazi ambayo viwanda vidogo vya milimani wanaifanya kwa moyo zaidi, na kimoto ndani ya daiginjo mara nyingi inanyamazishwa na ukobozi wa mchele. Kwa bei ya chupa moja hiyo unachukua taruzake mbili na chenji inabaki. Kuna pia sake za pakiti za karatasi, ambazo ndizo zinazolisha kiwanda. Kwa kunywea na chakula cha kila siku si mbaya hata kidogo, ila hukuja Nada kwa ajili ya pakiti inayopatikana duka lolote la Japani.

Lawama tuliyo nayo ni kwamba jumba linaonyesha zana zilizokwisha kustaafu huku upikaji wa leo ukibaki nyuma ya kuta. Hakuna dirisha la kutazama mbegu ya mwaka huu ikisagwa, na mgeni anaweza kutoka akidhani kimoto ni historia tu. Maelezo kwa lugha za kigeni ni mafupi, hasa yale ya bakteria na asidi, ambayo ndiyo yanayoieleza sake yenyewe. Duka nalo hujaa makundi ya mabasi kuanzia saa nne asubuhi. Fika mlango unapofunguliwa. Anayetaka kuona kazi inayoendelea atembee hadi Hamafukutsuru, karibu na Uozaki, ambao wana vioo vya kutazamia upikaji, na Hakutsuru karibu na kituo cha Sumiyoshi wana masanamu ya ukubwa wa mtu yanayofaa kwa watoto. Ukianza Kiku-Masamune, hivyo viwili vinaingia kabla ya saa nane mchana.

Kabla ya kuondoka chukua machicha ya sake, yanauzwa kwa mifuko. Nyumba za Kansai, ukanda wa Osaka na Kobe, huyayeyusha kwenye supu ya samaki na mizizi wakati wa baridi, na watengenezaji wa narazuke, aina ya achari, huzika ndani yake matikiti machanga kwa miezi hadi yawe ya kahawia. Yana kilevi kidogo, asiyetumia pombe ajue hilo.

Kuhusu kubeba chupa: soma tarehe kwenye lebo, ambayo ni ya kutiwa chupani, na usichukue taruzake iliyopita mwaka. Acha chupa nyeupe zilizosimama kwenye dirisha la duka, mwanga huipa sake harufu ya kuungua na rangi ya njano ndani ya siku chache. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam iweke friji hata kabla ya kufunguliwa, kisha itoe dakika 20 kabla ya kunywa. Ikishafunguliwa harufu ya mwerezi hudumu wiki mbili hivi. Kwenye ndege iende ndani ya mzigo wa chini, imefungwa kwa nguo. Kwa kuwa iko chini ya asilimia 24 ya kilevi, kanuni za usafiri wa anga haziiwekei kikomo cha lita. Kikomo utakachokutana nacho ni cha forodha ya unakoshukia.